Vipimo vya Mjamzito, Sehemu ya 4: Umeambiwa damu yako ni hasi? Soma historia hii kwanza

Leo tunaingia kwenye kundi la damu. Mtu anafungua kadi ya kliniki, anakuta O hasi au A hasi, jirani anamwambia "mtoto wa pili hatakaa huyo," basi usingizi umeisha. Naomba tulia. Kuwa na Rh hasi si ugonjwa. Ila hiyo hofu haikutoka hewani, zamani ilikuwa kweli kabisa.

Kabla ya miaka ya 1940 hakuna aliyeelewa. Mama anazaa mtoto wa kwanza mzima, wa pili anazaliwa wa manjano kupindukia, wa tatu anafia tumboni. Kwetu wapo walioambiwa wamerogwa, au wana mkosi, wakarudishwa kwao. Huko kwa wenzetu wenye hospitali kubwa nako madaktari walikuwa wanazika tu, jibu hawana.

Mwaka 1937, New York, mama mmoja alijifungua mtoto aliyekwisha kufa. Akaongezewa damu ya mumewe. Wote wawili ni kundi O, lakini mwili wake ukaikataa damu ile vibaya sana. Philip Levine na Rufus Stetson waliliandika jambo hilo mwaka 1939. Walisema mtoto alirithi kwa baba kitu fulani kwenye damu, mama hana kitu hicho, na mwili wake umejifunza kukipiga vita. Mwaka 1940 Karl Landsteiner na Alexander Wiener wakakitangaza na kukiita Rh, kwa sababu walitumia damu ya tumbili aitwaye rhesus. (Hapana dada, huna damu ya tumbili!) Mwaka 1941 Levine akaonyesha kwamba hicho ndicho kinachoua wale watoto.

Inakuwaje sasa? Mama ni hasi, mtoto ni chanya. Wakati wa kujifungua, damu kidogo ya mtoto inapenya kwa mama. Mwili wa mama unaiona ni mgeni, unatengeneza kingamwili. Mtoto wa kwanza kwa kawaida ameshatoka, yuko salama. Anayekuja baada yake ndiye anayekuta askari wanamsubiri, wanavunja chembe zake nyekundu.

Kujua sababu hakukutosha kuokoa. Mwaka 1945 Robin Coombs na wenzake Uingereza wakapata kipimo cha kuonyesha kingamwili hizo, na mpaka leo tunakiita kipimo cha Coombs. Mwaka 1963, Auckland, New Zealand, daktari William Liley akamwongezea damu mtoto akiwa bado tumboni, kwa sindano iliyopita kwenye tumbo la mama. Mtoto akazaliwa hai. Lakini ni wangapi wangefika kwa daktari kama huyo?

Ukombozi ulikuja kwa wazo jingine: usimsubiri mtoto augue, zuia mwili wa mama usijifunze. Cyril Clarke na Ronald Finn kule Liverpool, na Freda, Gorman na Pollack kule New York, walifikia wazo hilo kila upande kivyake. Mpe mama kingamwili zilizo tayari, zifagie chembe za mtoto kabla mwili wake haujazitambua. Ni kama kuokota mchele uliomwagika kabla kuku hawajauona. New York walijaribu kwanza kwa wafungwa waliojitolea katika gereza la Sing Sing. Mwaka 1968 sindano hiyo, anti-D, ikaruhusiwa Marekani.

Na haitengenezwi kwa dawa za kuchanganya tu. Inatoka kwenye damu za watu. James Harrison wa Australia alichangia mara 1,173, hadi mwaka 2018, kwa ajili ya sindano hii.

Kwa hiyo jibu lililokuwa hukumu, leo ni taarifa ya kufanyia kazi. Ukiambiwa ni hasi:

1. Baba apimwe kundi la damu. Akiwa hasi naye, mtoto atakuwa hasi, hakuna ugomvi.
2. Uliza kipimo cha kingamwili. Zikiwa tayari zipo, anti-D haizifuti, utahitaji kufuatiliwa kwa karibu kwenye hospitali kubwa.
3. Sindano huchomwa ndani ya saa 72 baada ya kujifungua mtoto aliye chanya. Sehemu nyingi huchomwa pia karibu na wiki ya 28. Saa zikipita usikate tamaa, nenda uulize siku hiyohiyo.
4. Mimba ikitoka, ikitunga nje ya kizazi, ukitokwa damu au ukiumia tumbo, sema "mimi ni Rh hasi." Hata kama ilitoka zamani na hukumwambia mtu, mwambie nesi. Hatukuhukumu, tunahitaji kujua.
5. Bei yake si ndogo na si kila kituo wanayo. Anzeni kuiulizia na kuiwekea akiba mapema, msingoje uchungu.

Na mama mkwe ukisoma hapa: mkwe wako hana mkosi. Ana kundi la damu, kama wewe.

Sehemu ya 5 tutazungumzia sukari ya ujauzito. Maswali yaacheni hapo chini, nikitoka zamu nawajibu.