Mwanajeshi Mstaafu Anapogombea Uongozi: Nini Kitazamwe Katika Tabia Yake?

SWALI:

Sisi ni familia ya Kipemba tunaoishi Nakwa, Babati mjini, mkoani Manyara. Kila uchaguzi ukikaribia hutokea wastaafu wa jeshi wakitaka udiwani au ubunge, na wafuasi wao husema: huyu ni kamanda, ana nidhamu, apewe. Tukiuliza aliishi vipi na watu alikotoka, tunaambiwa tunasengenya. Je, ni kweli?

JIBU:

AlhamduliLlaah, swali hili linawahusu pia ndugu zetu wa Unguja na Pemba, kwani wastaafu hugombea huku pia.

Kwanza sheria, maana wengi huichanganya. Ibara ya 147(3) ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano inamkataza mwanajeshi kujiunga na chama cha siasa, ingawa anabaki na haki ya kupiga kura. Akishastaafu, kizuizi hicho kimeondoka. Vyama vingi viliporejea mwaka 1992, Jakaya Kikwete ilimbidi achague baina ya jeshi na siasa. Akastaafu akiwa Luteni Kanali, na mwaka 2005 akachaguliwa kuwa Rais. Basi kugombea si kosa. Linalobaki ni tabia.

Katika kisa cha Nabii Musa (A.S.) na wale mabinti wa Madyan, Suratul-Qasas aya ya 26 inataja sifa mbili za anayefaa kupewa kazi: nguvu na uaminifu. Ibn Taymiyya, katika kitabu chake As-Siyasa ash-Shar'iyya, ameeleza kuwa sifa hizi ni nadra kukutana kwa mtu mmoja, kwa hiyo kila cheo kitazamwe kinahitaji ipi zaidi. Uamiri wa vita huhitaji ushujaa, hata kama mwenyewe ana mapungufu katika nafsi yake. Kulinda mali kunahitaji uaminifu kwanza. Hapa ndipo penye jibu lako, ndugu yangu. Vyeo na nishani vinashuhudia nguvu. Udiwani ni viwanja, barabara, zahanati na mapato ya halmashauri, na hiyo ni amana. Anayesema "ni kamanda, apewe" ameleta shahidi wa kesi nyingine.

Maswahaba walilijua hili. Khalid bin al-Walid (R.A.) aliitwa na Mtume (S.A.W.) upanga wa Allah, na bado 'Umar (R.A.) alimwondoa katika uamiri, miongoni mwa sababu zilizotajwa ni namna alivyokuwa akitoa mali. Khalid hakuasi, aliendelea kupigana chini ya Abu 'Ubayda (R.A.). Na kwa upande wa pili, Abu Dharr (R.A.) alikuwa mkweli asiyetiliwa shaka, lakini Mtume (S.A.W.) alimweleza kuwa ni dhaifu kwa uongozi, kama ilivyo katika Sahih Muslim. Kwa hiyo ucha Mungu peke yake nao hautoshi. Hili baadhi ya masheikh wenzangu hawapendi kulisikia.

Liangalieni pia suala la kuamrisha. Jeshini amri haijadiliwi, na ndivyo ipasavyo. Katika baraza la madiwani mtu hupingwa na kijana wa umri wa mwanawe. Muulizeni mstaafu jambo zito hadharani, mumtazame anavyopokea.

Na aliyewahi kudhulumu akiwa na sare? Jenerali Muhammadu Buhari wa Nigeria alitawala kijeshi tangu mwisho wa 1983 hadi Agosti 1985, na katika muda huo waandishi wawili wa habari walifungwa kwa amri ya serikali yake. Alipogombea tena mwaka 2015 alisema hadharani kuwa anabeba dhamana ya yaliyotokea chini ya uongozi wake, na akashinda. Kukiri huko ni bora kuliko kukanusha, lakini haki ya mja haifutwi kwa kukiri tu. Humalizika kwa kurejeshwa au kwa mwenyewe kusamehe. Basi mstaafu aliyewaumiza watu aulizwe: umewafuata?

Ama kusengenya: Fatima bint Qays (R.A.) alipoposwa na watu wawili, akamtaka ushauri Mtume (S.A.W.), naye akamwambia wazi aibu ya kila mmoja iliyohusu ndoa. Imam an-Nawawi ameitaja hadithi hii katika milango ambayo ghiba inaruhusiwa. Ikiwa kwa ndoa ya mtu mmoja inafaa, vipi kwa kata nzima? Mpaka wake ni kusema linalohusu cheo tu, kwa nia ya nasaha, na baada ya kuhakikisha kama Suratul-Hujurat aya ya 6 inavyoamrisha. Ya chumbani kwake yaacheni.

Na kuhakikisha kuna njia. Al-Bayhaqi amepokea kuwa mtu alimsifu mwenzake mbele ya 'Umar (R.A.), naye akamuuliza: ni jirani yako? Umewahi kushirikiana naye katika fedha? Umesafiri naye? Yule akasema hapana kwa yote, na 'Umar akamwambia hamjui. Basi watafuteni majirani zake wa zamani, waliomuuzia na kumkopesha, na vijana waliohudumu chini yake; hasa hao, maana wanajua alivyowatendea pale ambapo hawakuwa na uwezo wa kumjibu.

Wallaahu a'lam.