Bati la Walikale ndani ya kadi ya kamera

Kongo ikitajwa pamoja na kamera, neno la kwanza kusikika ni koltani, na mahali pa kwanza ni Rubaya, wilayani Masisi. Umaarufu huo una msingi. Tantalamu itokayo kwenye koltani hutumika kutengenezea kapasita za kamera na simu, na bei yake ilipopaa mwaka 2000, vilima vya Masisi vilijaa wachimbaji. Lakini kadi ya kumbukumbu inayochomekwa kwenye kamera ina historia yake, na kwa maoni yangu historia hiyo inapita zaidi katika wilaya ya Walikale kuliko Masisi, kwa njia ya bati.

Fujio Masuoka wa Toshiba, Japani, alieleza mwaka 1984 kumbukumbu ya flash, namna ya kuhifadhi data kwenye chipu hata umeme ukizimwa. SanDisk ikatoa CompactFlash mwaka 1994, na mwaka 1999 Panasonic, SanDisk na Toshiba wakaanzisha SD. Ifungue kadi ya SD ya miaka ile: utaona kibao chembamba na chipu zilizoshikizwa juu yake kwa vitone vya lehemu. Lehemu ya zamani ilikuwa bati na risasi, bati likiwa kama asilimia 63. Ulaya ilipopiga marufuku risasi kwenye vifaa vya umeme, Julai 2006, bati likapanda hadi zaidi ya asilimia 95. Wakati huohuo kilima cha Bisie, huko Walikale, ambako kasiterite, yaani madini yenye bati, iligunduliwa mwaka 2002, kilikuwa kikichimbwa kwa nguvu. Wapagazi walibeba magunia ya kilo 50 msituni kwa siku mbili hadi Njingala, kisha ndege ziliyachukua Kilambo, zikitua juu ya barabara ya lami, kuyapeleka Goma. Hadi mwaka 2009 brigedi ya 85 ya jeshi la Kongo ndiyo iliyoshika Bisie na kutoza kodi.

Wapo watakaosema kwamba hata chipu ina tantalamu. Ni kweli, ila ni utando wa kuzuia shaba isipenye kwenye silikoni, mwembamba usioonekana kwa macho. Hoja nzito zaidi ni kwamba bati la kadi ni chembe tu, na China, Indonesia na Peru nazo huchimba bati. Hakuna awezaye kuonyesha kadi moja na kusema chembe hii ni ya Bisie. Lakini ugumu huo unatoka kwenye tanuru: madini ya machimbo mengi huyeyushwa pamoja, na soko huwa na bei moja. Ndiyo maana lawama haiwezi kuishia kwa mnunuzi wa kadi moja. Ni ya sekta nzima iliyonufaika na bati lisilojulikana asili yake. Sheria ya Marekani ya mwaka 2010 kuhusu madini ya maeneo ya vita ilitaja bati sawasawa na tantalamu, lakini mazungumzo ya watu yalibaki kwenye koltani.

Leo Bisie ina mgodi wa kisasa wa kampuni ya Alphamin, ulioanza uzalishaji mwaka 2019. Waasi wa M23 waliposonga kuelekea Walikale, Machi 2025, kampuni ilisimamisha kazi, na bei ya bati London ikaruka siku hizohizo. Wafanyabiashara wa London hawakuhitaji kuelezwa Walikale iko wapi.