Hii, Hiyo na Ile: Historia ya Somo Moja la Kiingereza

Mwaka wangu wa kwanza kufundisha hapa Kakuma nilipewa gredi ya tatu, somo la Kiingereza. Darasa la mabati, watoto zaidi ya 100, kitabu kimoja kwa watoto watano au sita. Somo la wiki ile lilikuwa viashiria: "this", "that", "these", "those". Nikasema moyoni, hili ni jepesi, nitalimaliza kabla ya mapumziko.

Nikainua kalamu yangu. "What is this?" Darasa zima likaitika, "This is a pen." Nikasema, vizuri. Kisha nikamwonyeshea kidole msichana mmoja wa nyuma, aliyeipakata chupa yake ya maji. "What is that?" Akasimama, akajibu kwa sauti, "That is a bottle."

Nikamwambia amekosea. Chupa iko mikononi mwake, kwa hiyo alitakiwa aseme "this". Akaniangalia, akasema kwa Kiswahili chetu cha Kongo: "Mwalimu, si weye njo umesema 'that'? Na kalamu ulisema 'this', tukasema 'this', ukasema ni muzuri."

Watoto wakacheka. Nikaona nimedharauliwa mbele ya darasa, nikamkaripia aketi. Lakini ukweli ni kwamba alikuwa amenishika. Kalamu ilikuwa mkononi mwangu, mbali na wao, na walipoitika "this" niliwasifu. Yeye alifanya vilevile nikamkosoa. Sheria yangu ilikuwa na nyuso mbili na mimi mwenyewe sikuiona.

Msichana yule alikuwa na miaka 13. Kwetu, upande wa Fizi, alikuwa amefika mwaka wa nne wa shule ya msingi, kwa Kifaransa. Hapa alirudishwa gredi ya tatu akae na watoto wa miaka minane kwa sababu ya Kiingereza tu. Baada ya siku ile hakufungua mdomo tena darasani kwa wiki tatu. Wanaoishi hapa wanajua jambo hilo huelekea wapi. Kwanza msichana ananyamaza, halafu anaanza kukosa siku za kuteka maji, halafu humwoni tena.

Ndipo nikaanza kujiuliza: hili somo la kunyoosha kidole na kusema "this is" limetoka wapi? Nani aliamua kwamba kidole kinatosha?

Jibu la mbali zaidi nililolipata lilinishangaza, maana lilinipeleka kwa mkimbizi mwenzetu. Jan Amos Comenius alizaliwa mwaka 1592 huko Moravia, ambayo leo ni sehemu ya Ucheki. Alikuwa mwalimu na mchungaji wa kanisa dogo la Kiprotestanti. Vita vilipowaangusha Waprotestanti wa kwao mwaka 1620, aliishi kwa kujificha. Tauni ikamchukulia mke na watoto. Mwaka 1628 alivuka mpaka na watu wake hadi mji wa Leszno, Polandi, na hakurudi kwao kuishi tena. Mwaka 1656 mji huo nao ulichomwa vitani, na miswada yake ikaungua, pamoja na kamusi aliyoifanyia kazi zaidi ya miaka 40. Alifia Amsterdam mwaka 1670, akiwa bado ugenini.

Mtu huyo, katikati ya hayo yote, alitunga kitabu cha kufundishia watoto lugha kwa picha. Kilichapishwa Nuremberg mwaka 1658 kwa jina la Orbis Sensualium Pictus. Kila somo lilikuwa na picha, na vitu ndani ya picha vilipewa namba. Namba hizo zilirudiwa pembeni ya maneno yanayovitaja. Mtoto aliona kitu kwanza, kisha akakutana na jina lake. Wazo lake lilikuwa hilo: neno lisitembee bila kitu.

Lakini angalieni jambo moja. Pembeni ya picha hakuweka Kilatini peke yake. Aliweka lugha mbili, Kilatini upande mmoja na Kijerumani upande wa pili. Mwaka uliofuata, 1659, Charles Hoole akatoa toleo la London lenye Kilatini na Kiingereza. Kwa hiyo baba wa somo letu alitumia vitu viwili pamoja: jicho la mtoto, na lugha ambayo mtoto anaijua tayari.

Ile lugha ya pili ilitoka lini darasani? Hapo inasimuliwa hadithi ya Maximilian Berlitz, mhamiaji kutoka Ujerumani aliyefungua shule ya lugha Providence, Marekani, mwaka 1878. Alimwajiri kwa barua Mfaransa mmoja, Nicholas Joly. Alipofika, kumbe hajui Kiingereza hata kidogo! Naye Berlitz alikuwa mgonjwa. Akamwambia basi aonyeshe vitu kwa kidole na kuigiza vitendo. Aliporudi baada ya wiki kadhaa akakuta wanafunzi wanajibizana kwa Kifaransa. Kile kilichoanza kwa kukosa njia nyingine kikageuka kuwa njia rasmi: lugha mpya tu, ile ya nyumbani ibaki nje.

Lakini wale walikuwa watu wazima, wachache, wenye kulipa. Sisi tunazungumzia watoto 100 na zaidi.

Wazo hilo lilifika huku kwetu pia. Januari 1961, nchi za Jumuiya ya Madola zilikutana Makerere, Kampala, kujadili ufundishaji wa Kiingereza kama lugha ya pili. Miaka mingi baadaye, mwaka 1992, Robert Phillipson alichambua misimamo iliyotawala mkutano ule na kazi iliyofuata, akataja mmojawapo kuwa ni huu: Kiingereza kinafundishwa vyema zaidi kwa Kiingereza peke yake. Yeye aliuita upotofu. Hata hivyo msimamo huo ulishaenea katika vyuo vya ualimu na vitabu, ukafika mpaka kwenye mabati yetu. Mimi mwenyewe, katika semina yangu ya kwanza, niliambiwa Kiswahili nikiache mlangoni.

Sasa niwaonyeshe kwa nini kukiacha mlangoni kulimuumiza msichana yule.

Kiingereza cha leo kina hatua mbili tu: "this" ya karibu na mimi, na "that" ya kila kisicho karibu na mimi. Kiswahili kina tatu. Kalamu hii iko kwangu. Kalamu hiyo iko kwako, au ndiyo tuliyokwisha kuitaja. Kalamu ile iko mbali na sisi sote. "That" moja ya Kiingereza inabeba "hiyo" na "ile" kwa pamoja. Mwalimu asipolisema hilo wazi, mtoto anabaki akibahatisha, au anarudisha neno lilelile aliloulizwa nalo.

Na kwa Kiswahili mtoto wetu hakosei kamwe! Muulize, "Hiyo ni nini?" Atajibu, "Hii ni chupa." Analigeuza neno bila kufikiri, kwa sababu anajua aliyeshika ni nani. Hata sisi Wakongo, ambao watoto wetu huchekwa kwenye somo la Kiswahili kwa kusema "hii kitabu", hatua hizo tatu tunazo. Kiswahili sanifu kilijengwa juu ya Kiunguja baada ya mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928, na kamati iliyokilea tangu 1930 ilikuwa ya Tanganyika, Zanzibar, Kenya na Uganda. Kongo haikuwemo. Ngeli zetu zikabaki tofauti, lakini "hii", "hiyo" na "ile" tunazitumia.

Jambo jingine lililonituliza ni kwamba Waingereza wenyewe walihangaika na maneno haya. Zamani walikuwa na la tatu, "yon", la kitu cha mbali kabisa. Limebaki Uskoti na kaskazini ya Uingereza, kwingine limepotea. Na "these" na "those", ambazo watoto wetu wanazichanganya kila siku, zote mbili zimetokana na wingi wa "this". "That" ilikuwa na wingi wake, "tho", ukafa, na "those" ikachukua nafasi yake. Basi mtoto anayechanganya "these" na "those" asiitwe mjinga. Wenye lugha walichukua karne kadhaa kuzitenganisha.

Muhula uliofuata nilibadilisha somo. Kwanza nilimwomba msamaha msichana yule mbele ya darasa, maana nilimkaripia mbele ya darasa. Kisha nikamwita mbele pamoja na mtoto mwingine. Kalamu moja kwake, chupa moja kwa mwenzake, na mwarobaini kule nje. Tukaanza na Kiswahili: hii, hiyo, ile. Halafu Kiingereza: "this", "that", "that". Halafu wakabadilishana vitu, na maneno yakabadilika pamoja na mikono. Darasa likaona kwamba neno halikai kwenye kitu, linakaa kwa anayesema.

Najua mtaniuliza, na watoto wa Sudan Kusini wasiojua Kiswahili je? Swali ni la haki. Hao niliwauliza, "Kwenu mnasemaje?" Wakubwa wakawaelezea wadogo kwa lugha yao, mimi nikasubiri. Sikuelewa neno hata moja. Lakini walipogeuka kwangu walijibu sawasawa.

Msichana yule alipanda gredi ya nne mwaka uliofuata, na nilimkuta mara nyingi nje akiwachezesha wadogo mchezo uleule wa kalamu na chupa.

Ndugu zetu wa mashirika, mnapokuja kutembelea madarasa na mkamsikia mwalimu wa Kiingereza anasema Kiswahili, Kirundi au Kidinka, tafadhali msiandike haraka kwenye daftari kwamba hajui kazi. Kaeni dakika tano zaidi. Nanyi walimu wenzangu, kabla ya kumwambia mtoto amekosea, kumbukeni kwanza ninyi mliuliza kwa neno gani.