Nyayo House, Kuanzia Chini

Ukishukia GPO jijini Nairobi na ugeuke kuangalia Uhuru Highway, Nyayo House iko hapo mbele yako, orofa 27, pale Kenyatta Avenue inapokutana na barabara kuu. Asubuhi yoyote ya siku ya kazi utaona watu wakiingia na bahasha za kaki kwapani. Wengi wamekuja kutafuta paspoti. Mimi pia nilikuja na bahasha yangu, nikiwa na baba.

Baba hakuingia. Alisimama ng'ambo ya barabara, upande wa posta, akaniambia, "Enda tu, mama. Nitakungoja hapa." Nilidhani ni magoti yake yanamsumbua. Tulipokuwa kwenye matatu tukirudi nyumbani nikamwuliza. "Hiyo nyumba mimi siingii," akasema. Basi. Baba alikuwa mwalimu wa sekondari, mtu wa maneno mengi, lakini kwa jambo hili alikuwa na sentensi moja tu. Kwa hivyo nikaanza kusoma.

Kando ya mnara huo kuna nyumba ndogo ya mawe iliyojengwa 1913. Siku hizi ni Nairobi Gallery, mahali panapohifadhiwa sanaa aliyokusanya Joseph Murumbi, makamu wa pili wa rais wa Kenya. Enzi za wakoloni hapo ndipo vizazi, ndoa na vifo vilipoandikishwa, na hapo ndipo umbali wa kwenda miji mingine ulipoanza kupimwa. Yaani ulizaliwa kwenye daftari lao, ukaoa kwenye daftari lao, ukafa kwenye daftari lao. Mnara ulipokuja kusimama kando yake, kazi ya kuandikisha watu iliendelea, sasa kwa orofa nyingi zaidi.

Jina lililokusudiwa mwanzoni lilikuwa Nairobi House. Lakini Daniel arap Moi alipoingia madarakani 1978, baada ya kifo cha Jomo Kenyatta, aliwaambia Wakenya kwamba atafuata nyayo za mtangulizi wake. Wito huo ulikua hadi ukameza nchi. Watoto wa shule walikunywa maziwa ya Nyayo. Kukawa na mabasi ya Nyayo, wodi za Nyayo hospitalini, majani chai ya Nyayo kandokando ya misitu, uwanja wa michezo wa Nyayo, hata gari la Nyayo lililozinduliwa 1990 na ambalo hakuna jirani yangu aliyewahi kulinunua, maana halikufika sokoni. Polepole maana nayo ikageuka. Nyayo zilizokuwa za Kenyatta zikawa za Moi, na wa kufuata wakawa sisi.

Jengo lilikamilika 1983, na mwaka uliotangulia ndio unaolieleza. Juni 1982 Bunge lilibadilisha katiba na kuifanya KANU kuwa chama pekee kinachoruhusiwa kisheria. Tarehe 1 Agosti wanajeshi wa anga wakajaribu kupindua serikali, wakashindwa. Tangu hapo serikali ilimtazama kila mtu mwenye kitabu mkononi kama mtu mwenye bunduki.

Mwaka wa 1986 ulianza msako wa watu waliodaiwa kuwa wa Mwakenya, kundi la siri lililopinga utawala wa chama kimoja. Walikamatwa wahadhiri, wanafunzi, mawakili, wanahabari, wakulima. Wengi walifungwa kitambaa machoni, wakazungushwa mjini kwa gari ili wasijue wanapelekwa wapi. Walikokuwa wakipelekwa ni hapa, katikati ya mji, chini ya ardhi, chini ya ofisi ambazo mchana zilikuwa zinahudumia wananchi.

Yaliyofuata yamesimuliwa na manusura wenyewe, mahakamani na katika vitabu, na simulizi zao zinafanana kupita kiasi. Seli zisizo na dirisha. Mtu anavuliwa nguo zote. Maji yanamwagwa ndani mpaka sakafu yote inafunikwa, naye anaachwa humo siku kadhaa, bila chakula, hana pa kuketi wala pa kulala ila kwenye maji. Ngozi ya nyayo inalainika, inaanza kutoka. (Nilipofika hapo nilifunga kitabu, nikaenda kuosha vyombo.) Kisha anatolewa na kupandishwa kwa lifti hadi orofa za juu kabisa, ya 24, 25, 26, ambako maafisa wanamngojea na maswali na kipigo. Akikataa kukiri anarudishwa majini.

Mimi kinachonisumbua zaidi ni hiyo lifti. Maofisa wako juu, mahabusu yuko chini, na katikati kuna orofa zaidi ya ishirini ambamo karani anapiga mihuri, anakunywa chai ya saa nne, anauliza nani ana kalamu. Sisemi karani alijua. Ninasema tu kwamba safari ya kutoka majini hadi kwenye kipigo ilipita kwenye kuta za ofisi yake.

Wakili Wanyiri Kihoro alikaa humo siku 74, halafu akaandika kitabu, Never Say Die. Peter Njenga Karanja, mfanyabiashara wa Nakuru, hakupata nafasi ya kuandika. Alikufa 1987 akiwa mikononi mwa polisi. Mwaka huohuo Amnesty International ilitoa ripoti kuhusu mateso nchini Kenya. Na waliokubali kukiri walipelekwa mahakamani, mara nyingi jioni watu wakiwa wameshaenda nyumbani, bila wakili, wakasomewa shtaka, wakahukumiwa.

Nilimrudia baba na haya yote. Aliniacha nimalize. Ndipo akanieleza kuhusu mwenzake, mwalimu wa historia, aliyefuatwa shuleni 1986 wakati wa mapumziko ya saa nne. Kikombe chake kilibaki mezani na hakuna mwalimu aliyethubutu kukiondoa hadi kesho yake. Usiku ule baba alichoma vitabu vyake vya Ngũgĩ wa Thiong'o kwenye jiko la kuni, mama akichochea. "Wewe ulikuwa mgongoni mwake," akaniambia. Yule mwalimu alirudi miaka mitano baadaye, na hakutaka tena kuvaa viatu vya kufunga. Baba hakuwahi kukanyaga Nyayo House maishani mwake. Alichobeba ni hicho kikombe.

KANU ilishindwa katika uchaguzi wa Desemba 2002. Februari 2003 serikali mpya iliwafungulia manusura mlango wa chini, waziri wa haki Kiraitu Murungi akiwepo, na kamera zikashuka nao. Watu wazima walisimama kwenye seli zao za zamani wakilia, wengine wakiwaonyesha waandishi mahali walipokuwa wakiegemea. Mwaka wa 2010 Mahakama Kuu iliamua kesi ya manusura 21, ikakubali kwamba waliteswa, ikawapa fidia. Kihoro alikuwa ameshinda yake mapema zaidi, katika Mahakama ya Rufaa 1993, Moi akiwa bado Ikulu. Hilo huwa tunalisahau, kwamba kuna mtu aliyemshtaki mwenye nyumba na akashinda mwenye nyumba akiwa bado ndani.

Nimesikia watu wakisema jengo libadilishwe jina. Mimi naona libaki nalo. Nairobi House lingekuwa jina la ofisi yoyote ile, na baada ya miaka ishirini mtoto angepita hapo asiulize chochote. Neno nyayo angalau linamlazimisha mtu kuuliza, nyayo za nani?

Siku ya kuchukua paspoti nilikwenda tena na baba. Nilitafuta kwa macho kibao chochote cha kuonyesha njia ya kwenda chini, sikukiona. Nilipotoka, alikuwa palepale upande wa posta, gazeti limekunjwa chini ya kwapa.

"Ulipanda na lifti?"

"Ngazi."

Alichukua paspoti, akaifungua kwenye picha, akaitazama kwa muda. Akasema haifanani na mimi hata kidogo, kisha akauliza kama nina njaa.