Mikahawa ya Nairobi: Kipya kinyemi, cha zamani kina wenyewe

WAHENGA walinena kuwa kipya kinyemi, ingawa kidonda. Jijini Nairobi, methali hiyo hudhihirika kila mkahawa mpya unapofunguliwa na wateja wakamiminika. Wakati huohuo, vibanda vya nyama choma vya Kenyatta Market huendelea kuuza nyama kwa kilo, pamoja na ugali na kachumbari, bila mbwembwe.

Hata hivyo, baadhi ya mikahawa inayohesabiwa leo kuwa ya jadi ilianza kama kioja. Carnivore, ulioko Lang'ata, ulifunguliwa mwaka wa 1980. Nyama zilitungwa kwenye sime za Kimaasai, zikachomwa juu ya makaa na kukatwa mezani hadi mteja alipoangusha kibendera kuashiria kwamba ameshiba. Sifa zake zilienea ng'ambo kwa sababu ya nyama ya wanyamapori kama pundamilia. Serikali ilipopiga marufuku uuzaji wa nyama hiyo mwaka wa 2004, mkahawa huo ulipoteza kivutio chake kikuu, lakini haukufungwa. Ulibaki na nyama za kawaida, mamba na mbuni wa kufugwa, na ule utaratibu wake wa mezani.

Java House nao ulianza mwaka wa 1999, katika nchi iliyokuza kahawa bora na kuiuza nje huku wananchi wake wengi wakinywa chai. Kuketi mkahawani kwa kikombe cha kahawa kulikuwa jambo geni kwa wengi. Sasa ni mazoea ya wakazi wa jiji.

Upya pekee, hata hivyo, hautoshi. KFC, iliyoingia Nairobi mwaka wa 2011, iliishiwa na chipsi Januari 2022 kwa kuwa viazi vyake viliagizwa kutoka nje na meli zikachelewa. Wakenya walilalamika wakiuliza kwa nini viazi vya wakulima wao havikununuliwa, na kampuni hiyo ikaahidi kutafuta wauzaji wa humu nchini. Vibanda vya mtaani, vinavyonunua viazi sokoni, viliendelea kukaanga.

Kwa hivyo, anayechagua pa kula asitazame umri wa mkahawa pekee. Mpya humwonjesha mapishi asiyoyazoea, ila mara nyingi hulipia pia mandhari. Wa zamani humpa ladha anayoijua. Na ajaribupo mageni, akumbuke kutoacha mbachao kwa msala upitao.