Nani Atausoma Muswada wa Filamu? Mafunzo ya Kihistoria kutoka Hollywood, Kampala na Nairobi

Makala haya yanachunguza njia zilizomfikisha mwandishi chipukizi wa filamu mbele ya msomaji mwenye uwezo wa kuutengeneza muswada wake. Hoja kuu ni kwamba ubora peke yake hautoshi: muswada husomwa pale penye mtu au taasisi iliyojitwika kazi ya kusoma.

Nchini Marekani, kampuni kubwa za filamu zimezoea kukataa kusoma miswada ambayo hazikuiomba, kwa kuhofia kushtakiwa kwa wizi wa mawazo. Mwandishi asiye na wakala alibaki nje. Pengo hilo lilizaa njia za pembeni. Mashindano ya Nicholl, yaliyoanza miaka ya 1980, yaliwapa nafasi waandishi wasio na jina. Mwaka 2005 Franklin Leonard, aliyekuwa mwajiriwa wa kampuni ya filamu, aliwauliza wenzake ni miswada ipi waliyoipenda ambayo bado haijatengenezwa. Majibu yao yakawa orodha ya The Black List.

Afrika Mashariki tatizo halikuwa mlango uliofungwa, bali uhaba wa milango. Mwaka 2004 Mira Nair alianzisha Maisha Film Lab mjini Kampala, ambako waandishi wa Uganda, Kenya, Tanzania na Rwanda walipata walezi wa kuipitia miswada yao. Jijini Nairobi, ushirikiano na Tom Tykwer ulizaa Soul Boy (2010), iliyoandikwa na Billy Kahora, mhariri wa jarida la Kwani?, kisha Nairobi Half Life (2012), ambayo wahusika wake huzungumza Kiswahili na Sheng.

Historia hii inamshauri mwandishi mambo manne: aukamilishe muswada kabla ya kumtafuta msomaji, aandae muhtasari wa ukurasa mmoja, alenge warsha na mashindano yanayopokea miswada, badala ya kuitawanya ovyo, na asomane na wenzake, kwani msomaji wa kwanza huwa ni rika.

Watunga sera nao wana wajibu. Mwaka 2022 Baraza la Mawaziri la Uganda liliidhinisha Kiswahili kuwa lugha rasmi. Hadhi hiyo haitafika kwenye skrini ikiwa mwandishi atalazimika kuutafsiri muswada wake ndipo usomwe. Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, ikishirikiana na bodi za filamu, ingeweza kuunda jopo la kudumu la wasomaji wa miswada ya Kiswahili. Kusoma ni hatua ya gharama ndogo kuliko zote katika utengenezaji wa filamu. Bila hiyo, nyingine hazianzi.