Usimba na Uyanga ndani ya jezi ya taifa

Wiki hii barazani ubishi ni mmoja tu: wachezaji wa klabu moja wakijaa timu ya taifa, wanaijenga au wanaivunja? Wa Simba lake, wa Yanga lake, sauti juu! Mimi nasoma historia bwana, nikaona bora tuulize miaka iliyopita.

Anayesema wanaijenga anayo hoja. Hispania ilipochukua Kombe la Dunia 2010, Puyol, Pique, Busquets, Xavi, Iniesta na Pedro walianza fainali, wote wa Barcelona. Pasi zilitembea kwa mazoea tu. Lakini 2011 mechi za Barca na Real Madrid zikawa vita, mpaka Casillas wa Madrid akampigia simu Xavi kuyamaliza. 2012 wakabeba Kombe la Ulaya pamoja.

Sasa turudi kwetu. Taifa Stars ya 1980, iliyokwenda Lagos kwenye fainali za Afrika, ilikuwa na kina Leodegar Tenga, Jella Mtagwa na Juma Pondamali wa Pan African. Klabu hiyo ilizaliwa na mgogoro wa Yanga miaka ya 70. Yaani watu waliogombana vibaya klabuni, halafu wanavaa jezi moja na wa Yanga na wa Simba. Walifungwa mechi 2, wakatoka sare 1, lakini kufika walifika. Baada ya hapo tukakaa miaka 39 bila kurudi!

Mwaka 2018 kocha Amunike aliwaengua wachezaji 6 wa Simba, Erasto Nyoni akiwemo, kwa kuchelewa kuripoti kambini. Kelele zikawa nyingi, wengine wakaona Simba imeonewa. Kumbe ujumbe ulikuwa rahisi: ukifika kambini, klabu umeiacha mlangoni. Machi 2019 tukaifunga Uganda 3-0 tukafuzu. Wafungaji? Msuva aliyekuwa Morocco, Nyoni yule yule wa Simba, na Aggrey Morris wa Azam. Watatu, klabu tatu.

Zanzibar Heroes nao wana somo lao. 2017 walifika fainali ya Chalenji Kenya, wakatolewa kwa penalti tu. Wengi walitoka timu za nyumbani, JKU, Zimamoto na nyenginezo, na wakati huo ligi kuu ilichezwa kanda mbili, Unguja mbali, Pemba mbali. Mtu wa Wete na mtu wa Mjini hawakuzoeana ligini, walizoeana kambini. Na Januari 2025, hapa hapa Gombani, Heroes waliifunga Burkina Faso 2-1 wakachukua Kombe la Mapinduzi.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu: kuzoeana klabuni ni mtaji, lakini unaliwa siku klabu inapodai heshima kuliko kambi. Na si wachezaji peke yao. Sisi tunaomzomea mtu wa Stars akikosa bao kwa sababu Jumapili alitufunga, tunabomoa kwa mikono yetu. Kijana wa Chake anayeota jezi ile hastahili kuulizwa kwanza, "wewe wa wapi, Msimbazi au Jangwani?"

Haya, nyie mnasemaje? Ila bila matusi jamani.